KAMBA ZA THELUJI: Chizuru Akataa Kupita Langoni

Najua mmenisema wiki nzima. Semeni tu, nimezoea. Mwandishi wa hadithi za gazetini asiposemwa ujue hasomwi.

Tuliwaacha kwenye lango jekundu la hekalu la mlimani. Wakana keshapita. Tetsu naye keshapita, kisha akageuka nusu, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Chizuru amesimama kwenye theluji, mikono mfukoni, na hataki kupita.

"Chizuru, unasubiri nini?" Wakana akamwita. "Njoo tuombe bahati, mwaka ndio kwanza unaanza."

"Nendeni tu. Nawasubiri hapa."

"Kwenye baridi hii?"

"Nimesema nendeni, Wakana. Jamani."

Hapo ndipo nilipokata, na hapo hapo tunaendelea.

Wakana hakwenda. Huyu ni binti wa Kagoshima, kusini kabisa. Kwao theluji wanaiona kwenye televisheni, kinachowaangukia vichwani ni jivu la mlima wa moto. Lakini mila za lango ni zile zile kusini na kaskazini. Mtu aliyefiwa hapiti chini ya lango la hekalu mpaka matanga yaishe. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua.

Rangi ikamtoka Wakana usoni.

"Chizuru," akasema taratibu, "nani amekufa kwenu?"

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, njoo nikuwekee mambo sawa haraka haraka, wenzako watuvumilie. Wakana alikutana na Chizuru, na kaka yake Chizuru anayeitwa Kohei, na rafiki yao Tetsu muuza samaki, kiangazi kilichopita. Wote walikuwa vibarua kwenye hoteli moja ya ufukweni. Wakana akampenda Kohei, na Kohei akapenda zaidi.

Kohei ni fundi wa bustani hapa Kanazawa. Kazi yake kubwa ni kuifunga miti kamba kabla ya theluji, ili matawi yasivunjike kwa uzito. Siku ya kuagana alimwomba Wakana awe mke wake, na hakutoa pete wala hakupiga magoti. Alimwambia, "Njoo uuone mji wangu wakati wa theluji, ukiwa mbaya kuliko siku zote. Ukiupenda hivyo hivyo, baki na mimi."

Wakana akaomba muda. Akaomba na kitu kingine, hiki kishikeni: Kohei asimpigie simu wala asimwandikie mpaka aje mwenyewe, kwa sababu akisikia ile sauti hawezi kufikiri. Kohei akakubali.

Basi ameshafikiri, na amekuja. Jibu lake ni ndiyo. Amelibeba kutoka Kagoshima kama mama anavyobeba kichanga, halitui chini. Lakini tangu ashuke kwenye treni anazungushwa tu mjini na Chizuru na Tetsu. Kila akiuliza anaambiwa Kohei yuko milimani na bosi wake, miti ya hekalu moja la huko imevunjika, simu hazishiki, atarudi kesho. Na hiyo kesho haifiki.

Haya, turudi langoni.

"Nimekuuliza, Chizuru. Nani?"

Chizuru akafungua mdomo, hewa nyeupe ikatoka.

"Bibi," Tetsu akasema.

Huyu Tetsu mnamjua. Kijana mzuri, moyo wake safi, lakini akishikwa na woga mdomo unatangulia na akili inafuata baadaye kwa miguu.

"Bibi yao," akaendelea, kwa sababu alishaanza. "Bibi Fumie. Alikuwa mzee sana. Alilala tu."

Chizuru akamtazama kwa jicho ambalo lingekausha samaki. Tetsu akainamia mabuti yake ya mpira.

"Ni kweli?" Wakana akauliza.

Chizuru alikuwa na nafasi ya kukataa. Ilikuwa mbele yake kabisa, nafasi ya mwisho ya kulisema jambo hili kwa upole, na mimi mpaka leo nikikumbuka nashikwa na hasira naye. Alinyamaza. Wakana akauchukua ule ukimya kuwa ndiyo.

Akarudi kupitia langoni, akasimama mbele ya rafiki yake, akainama mpaka ncha za nywele zikagusa theluji.

"Nisamehe. Nilikupa heri ya mwaka mpya pale stesheni. Wewe una msiba, mimi nakupa heri, tena kwa kelele."

"Hukujua."

"Ndiyo maana hukunijibu. Ulisema tu, karibu, pole na safari. Nikasema moyoni, huyu ameshaanza maringo ya mjini."

"Hukujua, Wakana. Inuka, watu wanatuangalia."

Wakana akainuka, na alipoinuka macho yake yalikuwa yamebadilika. Akamtazama Chizuru, akamtazama Tetsu.

"Kwa hiyo Kohei hayuko milimani."

Tetsu akamtazama Chizuru.

"Yuko nyumbani, kwenye msiba wa bibi yake. Mmenificha ili safari yangu isiharibike. Sivyo?"

"Wakana, sikiliza..."

"Nasikiliza nini tena? Naenda kwenu kuchoma udi."

"Leo haifai," Chizuru akasema.

"Tangu lini mtu akakataliwa kuchoma udi?"

"Mama hayupo."

"Simfuati mama. Namfuata bibi," Wakana akajibu, na akaanza kuteremka mlima.

Wakaenda. Mbele Wakana, nyuma hao wawili. Mwendo wa mtoto wa Kagoshima kwenye theluji mmeshausikia sehemu zilizopita, bata ana nafuu. Siku nyingine Tetsu angemtania, angemwambia hapa hakuna jivu, usiburute miguu. Siku hiyo alimsogelea Chizuru.

"Mwambie," Tetsu akanong'ona.

"Mwambie wewe. Si ndiwe uliyemuua bibi yangu?"

"Nilibanwa."

"Ukibanwa unaua wazee?"

"Ningesema nini, Chizuru? Ningemtaja nani?"

Chizuru akajifuta pua kwa mtandio, wakaendelea kutembea.

Walipita kwenye bustani ya nyumba moja kubwa. Misonobari yake yote imefungwa kamba, zimeshuka kutoka juu ya mlingoti uliosimikwa kando ya shina, kila upande kama mbavu za mwavuli, na theluji imekaa juu yake vizuri. Wakana akasimama, akatoa simu, akapiga picha. Amefanya hivyo kila mti tangu aje.

"Huu kafunga Kohei?"

"Huo, hapana," Chizuru akasema.

"Nitamuuliza mwenyewe. Leo nitamuuliza yote."

Kwenye duka la vitafunio la kona alinunua keki za maharage za kumpelekea marehemu. Na wakati mwenye duka anafunga karatasi, Wakana alijitazama kwenye kioo cha dirisha. Akavua skafu yake nyekundu akaificha mkobani, kwa ajili ya msiba. Kisha akarudisha nywele nyuma ya masikio, akajipaka kidogo mafuta ya mdomo. Hiyo haikuwa ya msiba.

Alijionea aibu. Bibi wa watu amekufa, na yeye moyo wake unaruka kwa sababu baada ya mtaa mmoja atamwona Kohei. Alijaribu kuuzuia huo moyo, akashindwa. Alifikiri jinsi atakavyomkuta amekaa kwenye mkeka, amevaa nyeusi, macho yamevimba. Atachoma udi kwanza, atakuwa na adabu. Kisha watoke wote nje kidogo, pembeni ya nyumba, amwambie lile neno moja tu, asiongeze na jingine.

Ngurumo ikapiga. Hapa kwetu theluji inakuja na ngurumo, na wazee wanasema ndiyo inayowaleta samaki wanono. Siku ya kwanza Wakana alijificha nyuma ya Tetsu akidhani mlima umepasuka. Sasa hata hakushtuka.

Wakafika.

Nje ya nyumba, kizee mmoja mfupi, kichwa amekifunga leso, alikuwa anakwangua theluji mlangoni kwa koleo. Wakana akadhani ni jirani aliyekuja kusaidia msibani. Akasogea kwa heshima.

"Shikamoo, bibi. Poleni sana na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa, mwanangu."

"Nimekuja kumchomea udi Bibi Fumie."

Koleo likasimama.

"Kumchomea nani?"

"Bibi Fumie. Bibi wa nyumba hii."

"Fumie ndiye mimi," kizee akasema. "Nani kakuambia nimekufa?"

Tetsu alikuwa ameshaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye nguzo ya umeme.

"Ni wewe, muuza samaki," Bibi Fumie akasema bila hata kugeuka. "Nimekuona. Samaki wako wa juzi alikuwa na miiba tupu na leo umekuja kunizika. Njoo hapa nikuzike wewe kwanza."

"Bibi, naomba nieleze..."

"Utaeleza ukiwa chini." Kisha akamgeukia Wakana, akampima juu mpaka chini, viatu vimelowa chapachapa, pua nyekundu. "Na wewe ni wa nani?"

"Naitwa Wakana, bibi. Natoka Kagoshima."

Koleo likamponyoka Bibi Fumie, likalala kwenye theluji. Alisogea akamshika Wakana mikono yote miwili, akaikandamiza kwenye kifua chake.

"Umekuja," akasema. "Kumbe umekuja kweli. Ingia, mwanangu, ingia. Kohei yuko ndani."

Laiti mngemwona Wakana wakati ule. Aligeuka akawatazama wale wawili, machozi yanamtoka na huku anacheka. Bibi mzima, Kohei yupo ndani, hakuna msiba wowote. Mambo yote akayaweka mahali pake mara moja: wamemchezea. Kohei amewatuma wamzungushe mji mzima kwanza, wamtie hofu, aone kama atakimbia.

"Nyie ni watu wabaya sana," akawaambia. "Tetsu, wewe sikusamehe mpaka uniokee samaki mzima."

"Wakana, ngoja," Chizuru akasema. "Ngoja nitangulie mimi."

"Sitanguliwi na mtu leo."

Akavua viatu akaviacha vilivyoanguka, yeye mtoto aliyelelewa, kimoja juu kimoja chini. Akapita kwenye korido na soksi zake mbichi, alama za maji zikawa zinabaki kwenye mbao. Ndugu zangu, ningekuwa na uwezo ningeushika ule mlango. Akaita kwa sauti ya furaha, "Kohei, nimefika," akausukuma.

Chumbani hapakuwa na mtu.

Kulikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Juu yake udi unaungua, kikombe cha chai kimepoa, bakuli la wali. Kulikuwa na picha ya Kohei, anacheka, jua la ufukweni limempiga usoni. Picha ile aliipiga Wakana mwenyewe, wamesimama pamoja, amenyoosha mkono mbele. Wameikuza. Pembeni limebaki bega lake Wakana, limekatwa.

Mbele ya picha kuna sanduku dogo la mraba, limefungwa kitambaa cheupe.

Wakana alisimama mlangoni. Aliijua meza ile, kila mtu wa nchi hii anaijua, babu yake mwenyewe, alipokwisha kuchomwa moto, mifupa yake ilikaa juu ya meza kama ile. Lakini mdomo wake uliuliza hivyo hivyo.

"Kohei yuko wapi?"

Bibi Fumie alikuwa amefika nyuma yake, anahema.

"Huyo hapo, mwanangu," akasema.

Hakuanguka. Najua mlitaka aanguke, hadithi nyingi watu huanguka. Alikaa chini taratibu, palepale kwenye kizingiti, na zile keki akaziweka mapajani.

"Lini?"

"Mwezi wa kumi na moja," Chizuru akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Alikuwa anafunga msonobari kwenye nyumba ya watu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, ngazi ikateleza. Hakuumia sana kwa kumtazama. Aliongea hata kwenye gari. Jioni akatutoka."

"Mwezi wa kumi na moja."

"Ndiyo."

"Mwezi wa kumi na moja mimi nilikuwa nachagua mabuti," Wakana akasema. "Nilikuwa naenda madukani, nauliza kama yanafaa kwa theluji, wananicheka." Akamgeukia Chizuru. "Mbona hamkunipigia?"

"Ulisema usipigiwe."

"Nilimwambia yeye. Nyinyi niliwaambia msinipigie akifa?"

Hapo Chizuru akapiga magoti kwenye mkeka na yote aliyokuwa ameyabana yakatoka kwa pamoja.

"Nilitaka kukuambia pale stesheni. Nimejifunza mpaka maneno. Lakini nikasema nikikuambia utaingia kwenye treni ile ile urudi kwenu, na Kohei alitaka uuone mji. Wewe hujui, Wakana. Kila jioni alikuwa ananisimulia mimi. Nitampeleka pale, nitampitisha huku, mpaka nikamwambia kaka, umenichosha. Ile aiskrimu yenye karatasi ya dhahabu, uliyosema ni mwendawazimu gani anakula aiskrimu kwenye theluji, mwendawazimu ni yeye. Zile kuta za udongo zilizovishwa mikeka ya kuzikinga na theluji, ni yeye. Kule sokoni, ni yeye. Nikasema nikupitishe kote alikotaka yeye, kisha nikuambie. Kila jioni nasema leo ndiyo leo. Halafu unacheka, nashindwa. Unaniuliza mti huu kafunga nani, nashindwa."

Tetsu alikuwa amesimama koridoni, analia kwa sauti kubwa kama mtoto, na hakuna aliyemnyamazisha.

Wakana akasogea kwa magoti mpaka mbele ya meza. Akaliangalia lile sanduku. Ni dogo. Kohei alikuwa anagonga kichwa kwenye milango.

"Mimi nilikuwa nampenda," akasema, bado hajalia. "Nataka mjue. Sikuwa namchezea kwa kumwambia asubiri. Nimekuja hapa kumwambia kwamba..."

"Usiseme."

Sauti ilitoka mlangoni. Mama Sanae, mama yake Kohei, alikuwa amerudi, maua ya kesho mkononi, theluji mabegani. Alikuwa amekwisha kumjua Wakana kwa kumtazama mara moja, maana lile bega lililokatwa kwenye picha ni yeye aliyelikata.

"Usiseme neno lolote humu ndani," akasema tena. "Njoo jikoni."

Akamvuta mkono, akafunga mlango, akafungua bomba maji yatirike kwenye sinki. Kisha akanong'ona.

"Unajua kesho ni siku gani?"

"Hapana, mama."

"Ni arobaini na tisa yake."

Nyinyi mna arobaini yenu, huku ni arobaini na tisa. Mpaka siku hiyo marehemu bado yumo ndani ya nyumba, anasikia, anaona. Ikifika anaondoka, na mifupa yake inapelekwa kaburini.

"Umekuja na jibu gani?" Mama Sanae akauliza.

"Ndiyo," Wakana akanong'ona. "Jibu langu ni ndiyo."

Mama Sanae akafumba macho.

"Nilijua," akasema. "Basi nenda kamwambie hapana."

"Mama?"

"Unamjua mwanangu. Akisikia ndiyo ataondokaje? Hatoki huyo. Alipokuwa mdogo nikimwambia kesho tunakwenda sokoni, anakaa mlangoni na viatu miguuni tangu alfajiri, chai hanywi. Ukimwambia ndiyo atakaa kwenye nyumba hii, anakusubiri, mpaka sisi wote tuishe. Mwambie hapana. Mwambie mji ni mbaya, umeuchukia. Ataumia, najua ataumia. Lakini ataenda kwa baba yake aliyemtangulia."

Mlango ukafunguka kidogo. Bibi Fumie alikuwa anasikiliza, kama kawaida yake.

"Sanae, mtawa aliyemwombea alisema kijana alishafika ng'ambo siku ile ile aliyokufa. Hakuna cha kuzunguka nyumbani."

"Mtawa hakumzaa."

"Hata hivyo, kumdanganya marehemu..."

"Na wewe, mama, kila asubuhi unamwekea chai. Unamwekea nani kama alishafika?"

Bibi Fumie akashika mlango. "Namwekea," akasema polepole, "kwa sababu sijui."

Wakana alikuwa anatikisa kichwa. "Siwezi, mama. Nimelala na neno hili tangu kiangazi. Yeye alisubiri, hakupiga simu hata mara moja. Nije nimlipe kwa uongo?"

Ndipo Mama Sanae akafanya jambo ambalo mkubwa hamfanyii mdogo. Alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, viganja chini, akainama mpaka paji la uso likagusa mbao, mbele ya msichana anayelingana na binti yake.

"Nakuomba," akasema kutoka chini. "Mimi ningetaka abaki. Hakuna anayetaka abaki kama mimi. Lakini si maisha hayo, kukaa kwenye kona ya nyumba. Niachie mwanangu aende."

Wakana akamtazama mgongo. Koti bado lina theluji, inayeyuka.

Akafunga bomba.

Waliingia wote kwenye chumba cha picha, wakakaa nyuma ya Wakana. Wakana akawasha udi kwenye mshumaa. Udi wa kwanza ukamkatikia mkononi, akachukua wa pili. Akaunganisha viganja.

"Kohei," akasema. "Ni mimi. Nimekuja, kama nilivyokuahidi. Chizuru na Tetsu wamenitembeza mji wako wote, hawakuacha kitu."

Akajiweka sawa kwenye mkeka.

"Baridi yenu haina adabu. Barabara zinarusha maji kutoka chini ili kuyeyusha theluji, viatu vyangu havijakauka tangu nishuke. Ngurumo zinapiga na theluji inaanguka, nani aliwahi kusikia hivyo? Jua sijaliona hata nusu. Uliniambia ni mji mbaya wakati huu, na ni kweli."

Nyuma yake Chizuru alikuwa ameuma mkono wa sweta.

"Nimejaribu, Kohei. Sikuupenda. Jibu langu ni hapana. Kwa hiyo usinisubiri. Mimi narudi kwetu kwenye jua. Na wewe kesho nenda kwa baba yako, nenda moja kwa moja, usigeuke nyuma kunitafuta, sitakuwepo."

Aliyasema yote bila sauti kukatika. Mimi nimesimulia hadithi nyingi za mapenzi, na sijui alizitoa wapi nguvu zile. Kisha akainama mbele ya sanduku, na hapo ndipo mabega yalipoanza kutikisika, bila mlio, amejiziba ili asisikike.

Tetsu akatoka nje na soksi, kwenye theluji.

Alipoinuka, Wakana alifuta uso, akamgeukia mama.

"Naomba niende. Treni ya jioni bado ipo."

"Giza linaingia."

"Ndiyo maana. Nikibaki atajua nimedanganya."

Mama Sanae aliondoka. Wakamsikia anafungua kabati, na akarudi amekumbatia godoro na blanketi. Akalitandika godoro kwenye mkeka, kando kabisa ya meza yenye kitambaa cheupe, ubavu kwa ubavu na sanduku.

"Sanduku hubebwa na mtu wa karibu kuliko wote," akasema. "Ilikuwa nilibebe mimi. Kesho asubuhi utalibeba wewe."

"Lakini mama, nimemwambia hapana."

"Nilikusikia," Mama Sanae akasema, akaendelea kunyoosha shuka.

Akawatoa wengine wote, akausogeza mlango wa karatasi mpaka ukafunga.

Wakana akabaki na Kohei, wao wawili peke yao kwa mara ya kwanza tangu ufukweni. Akalala ubavu, uso kwenye kile kitambaa cheupe. Mpaka kesho asubuhi hana ruhusa ya kusema kitu. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akakaza, akahesabu pumzi zake. Alijitahidi kweli, msije mkasema hakujitahidi.

Upande wa pili wa mlango Mama Sanae alikuwa bado hajaondoka. Alisikia blanketi likisogezwa. Akasikia sauti ndogo kabisa, ya mtu anayemwamsha mwenzake, ikiita, "Kohei." Akanyoosha mkono aufungue mlango, awahi kabla neno la pili halijatoka, na mkono ukakataa.